Binti yangu anamuulizia mjomba wake. Nimwambie ukweli au nimwachie utoto wake?

BintiKibokoni
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa wazazi wa hapa Mombasa.

Nina binti wa miaka 9. Juzi tulikuwa Marikiti kununua viungo, akatokea mtu mchafu, amekonda, akaniita jina langu la nyumbani ambalo hata mume wangu halitumii. Nikamsalimu, nikampa hela ya chai, tukaachana. Tangu hapo mtoto hanipi raha: "Mama, yule nani? Amekujuaje?"

Yule ni kakangu wa tumbo moja. Anatumia unga, yaani heroini, tangu mimi ni mdogo.

Binti anamjua mjomba wake, ila kwa hadithi. Usiku humsimulia utoto wetu wa Kibokoni: kaka alivyonipeleka Makadara siku ya Idi nikapanda pembea hadi nikatapika kaimati zote, alivyonifunza kuunda tiara. Njukuti za mnazi, karatasi, uji wa ngano wa kugandishia, na uzi wa cherehani ya nyanya. Tukienda kuirusha Ngomeni. Mtoto amejipangia mwenyewe kwamba mjomba yuko Arabuni, kama wajomba wa wenziwe.

Mimi ukweli sikuambiwa na mtu. Tulikuwa tukiokota karatasi za fedha za pakiti za sigara, tukikata nyota za kupamba tiara. Siku moja nikazikuta nyingi chini ya godoro la kaka, zimekunjwa vizuri, kila moja ina mstari mweusi katikati kama njia ya konokono. Nikafurahi, nikidhani ananiwekea mimi. Nikakata nyota, nikabandika. Mamangu kuiona ile tiara, alikaa chini pale pale uani akalia. Hakuna aliyenieleza. Nilijua tu kwamba kuna jambo, na kwamba sitakiwi kuliuliza.

Sasa nimwambie? Au nimwache miaka miwili mitatu, afaidi utoto wake?

MzeeWaTudor
Waalaykum salaam. Mwambie, tena mapema. Mombasa ni ndogo hii. Usipomwambia wewe, ataambiwa na watoto wa chuoni, huko madrasa, siku wakigombana, na hapo ataambiwa kwa kutukanwa.

UmmuSalha
Mie napinga. Mwanangu, mtoto wa miaka 9 si wa kutwikwa mambo ya unga. Sisi wakubwa wakizungumza tulitolewa nje, tukacheza mdako na kibe hadi adhana ya magharibi, hatuna hofu. Mwambie mjomba ni mgonjwa, amwombee dua. Basi.

KijanaWaKuze
Shikamoo Bi Ummu Salha. Kwa heshima zote, hilo la mgonjwa ndilo tuliloambiwa na sisi. Unga ulishaingia Mombasa miaka ya 1980. Sisi tukicheza kibe, wauzaji walikuwa wamekaa barazani wakitutazama. Hofu hatukuwa nayo kwa sababu hatukujua. Picha yetu ya maulidi ya chuoni siwezi kuitazama bila kuhesabu waliozikwa.

UmmuSalha
Marahaba. Sikatai mwanangu, nami nimezika. Ndiyo maana nasema yule aliyebaki na utoto wake aachiwe.

Msafi_Kisauni
Niruhusuni niseme, maana mimi nami ni mjomba kama huyo. Nilivuta unga kwa karatasi za fedha kama hizo, kisha nikajidunga, miaka mingi. Sasa nanywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa unga, kliniki ya Kisauni, kila siku, mbele ya muuguzi. Ukipewa kipimo chako sawa haikuleweshi. Inakutuliza arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ukaweza kufikiria kazi badala ya kufikiria kete ya unga.

Dada, kakako amekuita jina la nyumbani. Angetaka hela tu, angekuita "mama" kama wanavyoitwa wateja wote wa Marikiti. Mwambie mtoto kwamba hadithi zote ni za kweli na kwamba yule mtu ndiye yeye. Mambo ya karatasi na sindano hayamhusu bado. Akiuliza mbona yuko vile, mwambie alianza kutumia dawa mbaya, na sasa mwili wake ukiikosa unaumwa. Mpwa wangu aliambiwa hivyo. Akinikuta stejini ananiamkia mbele ya wenziwe.

BintiKibokoni
Nimesoma nikilia. Allah awalipe kheri nyote. Ijumaa chuo hakuna, nitamweka chini nimwambie, na nitaanzia kwenye tiara. Bi Ummu Salha, ya sindano nitayaacha mpaka akue. Lakini kwamba yule ni mjomba wake, hilo siwezi kumnyima, wala yeye mjomba siwezi kumnyima mpwa wake.

Kaka wa Kisauni, nikimpata na akikubali, namleta vipi huko kliniki?

Msafi_Kisauni
Asitarajie kufika na kupewa dawa papo hapo. Kwanza hupimwa, wakazungumza naye waone kama yuko tayari. Wengine hukata tamaa hapo, kwa hiyo ni vizuri awe na mtu wa kukaa naye. Nitumie ujumbe faragha, tupange siku, nije Marikiti tumtafute pamoja. Maskani za pale wanapokaa watumiaji nazijua zote.