Mtoto wangu njiti anapewa kafeini, hii imekaaje?

MamaKifurushi:
Wakuu habari. Nimejifungua wiki ya 29, mwanangu ana gramu 1,150. Jana nimechungulia faili lake nikakuta "kafeini sitreti". Si ndiyo ile ya kwenye kahawa? Mimi niliambiwa nipunguze kahawa nikiwa na mimba, leo anapewa yeye! Nesi kanijibu "ni ya kupumulia" akapita zake. Niikatae?

ZamuYaUsiku:
Usiikatae, dada. Ubongo wa njiti haujakomaa, kwa hiyo anasahau kupumua. Kifua kinatulia sekunde 20, mapigo yanashuka, mashine inapiga kelele, tunakimbia kumsugua wayo ashtuke. Kafeini inaizuia adenosini, kemikali inayoutuliza ubongo, ndiyo maana hata wewe ukinywa kahawa husinzii. Kwake inakumbusha pumzi.

Mzee_wa_Hoja:
Tena inatoka kwenye mmea, haina madhara. Kuwa na amani.

ZamuYaUsiku:
Mzee, hapo hapana. Hata kokeini inatoka kwenye mmea. Hii inapimwa kwa uzito: kwa kawaida dozi ya kwanza miligramu 20 kwa kilo, kisha 5 hadi 10 mara moja kwa siku. Mara moja inatosha kwa sababu ini lake bado changa. Kwako nusu ya kafeini inaisha kwa masaa kama matano, kwake inachukua siku nne hivi. Na kahawa ya kikombe asionjeshwe kamwe, hata akisharudi nyumbani.

Kuna utafiti wa CAP, uliopima kafeini kwa njiti, matokeo yalitoka 2006 na 2007, watoto 2,006 wa gramu 500 hadi 1,250. Waliopewa kafeini walipata ugonjwa sugu wa mapafu kwa uchache, na walipofika miezi 18 hadi 21 wengi zaidi walikuwa hai bila ulemavu mkubwa.

Mama_Pacha:
Wangu walipewa mpaka wiki ya 34. Mmoja mapigo yalikimbia, vidole vikawa vinatetemeka, wakapunguza dozi. Kwa hiyo kila siku ulizia mapigo na uzito. Na wakiisimamisha usifungashe mizigo, wetu walibakizwa wiki nzima wakiangaliwa.

MamaKifurushi:
Asanteni jamani. Juzi mashine ililia mara sita mbele yangu. Leo nimekaa naye tangu asubuhi, imelia mara moja. Nimemwambia daktari aendelee, ila na mimi mapigo nayaandika kwenye daftari.