Toazi la Roland halilii kwenye moduli ya Yamaha, naombeni ushauri

Kijana wa Kwaya: Wakuu, habari za jioni. Niko Moshi, napiga dramu kwaya ya vijana usharikani. Dramu zetu ni za umeme, moduli (kile kisanduku kinachotoa sauti) ni Yamaha DTX. Raidi, yaani lile toazi kubwa, ilikufa, nikapata nyingine ya Roland, nzuri kweli, ila haitoi hata mlio. Jumapili ni sikukuu ya mavuno. Nifanyeje?

Fundi Sauti: Mkuu, waya gani huo? Wa gitaa una pete moja nyeusi kwenye jeki, huo ni mono. Toazi linataka wa pete mbili, la sivyo ukilishika kwa mkono mlio haukatiki. Halafu raidi ya Yamaha yenye sehemu tatu hupitisha zote, uso, ukingo na kitovu, kwenye waya mmoja. Ya Roland yenye jeki hutaka waya mbili, kwa hiyo kitovu usikitegemee.

Mama Kihamba: Sisi Marangu tuliimba kwa ngoma moja na kayamba, na watu walitokwa machozi. Vijana mnamtafuta Mungu kwenye umeme?

Kijana wa Kwaya: Shikamoo mama. Ni kweli, ila ngoma ya kawaida majirani wanalalamika.

Fundi Sauti: Hujajibu. Waya?

Kijana wa Kwaya: Ni USB, mkuu. Toazi ni CY-18DR.

Fundi Sauti: Hapo ndipo ulipaswa kuanzia! Hilo ni la dijitali. Linaelewana na moduli za Roland kama TD-27 na TD-50X. Jeki hailisaidii.

Kijana wa Kwaya: Nimeshampa fundi mmoja wa kule Majengo 15,000 akate USB aunge jeki. Ndiye aliyefufua amplifaya ya kanisa, namwamini.

Mzee wa Kiborloni: Hii chai. Toazi hilo ni ghali kuliko seti nzima ya kuanzia. Kwaya ya vijana imelitoa wapi? Weka picha.

Kijana wa Kwaya: Picha siwezi, toazi liko kwa fundi. Ni mpira mweusi, inchi 18. Nimelinunua 250,000 kwa mtu aliyerudi kutoka Ujerumani. Hela ni michango ya kwaya, mwenyekiti bado hajui. Niliona bora nipate kitu kizuri kabla hazijaliwa.

Mzee wa Kiborloni: Basi nimekuelewa. Mwambie mwenyekiti leo, kabla hajaambiwa na mwingine.

Fundi Sauti: Kwanza mpigie fundi aweke kisu chini. Likiwa zima litauzika na hela ya watu itarudi. Nina toazi la Yamaha, PCY135, limekaa tu bila kutumika. Jumamosi nashuka kutoka Arusha, nitakuazima.

Kijana wa Kwaya: Nimempigia. Ameshamenya ganda la nje, nyaya nne zinaonekana: nyekundu, nyeupe, kijani na nyeusi. Hajakata hata mmoja. Nawasha pikipiki nakwenda.