Mkataba wa UNESCO wa 1970 unasaidia nini kama vitu vilibebwa zamani?

Mleta mada: Wakuu naombeni kueleweshwa. Kila siku nasikia sheria ya kimataifa inakataza wizi wa mali za kale, sasa mbona shaba za Benin (sanamu na mabamba ya ufalme wa Benin, Nigeria ya leo) zilizobebwa na jeshi la Uingereza 1897 bado nyingi ziko London? Au hizi sheria ni za kutishia tu?

Mchangiaji 1: Mkuu shida ni tarehe, ule mkataba wa UNESCO wa 1970 wa kuzuia biashara haramu ya mali za kale haurudi nyuma. Uingereza wenyewe wameuridhia 2002 so ya 1897 hata haigusi. Halafu soma kifungu cha 7, kinataka kitu kiwe kimeibwa makumbusho au jengo la ibada au la umma NA kiwe kwenye orodha ya mali za hapo, sasa chungu kilichofukuliwa usiku kwenye kaburi la kale nani alikiorodhesha? Na bado aliyenunua bila kujua inabidi umlipe fidia. Mkataba mwingine wa kimataifa, UNIDROIT wa 1995, ulijaribu kuziba hilo tundu, ila Uingereza na Marekani wenye masoko makubwa ya vitu vya kale hawamo.

Mchangiaji 2: Naongezea, British Museum, makumbusho ya London yenye hizo shaba, wana sheria ya bunge ya 1963 inayowazuia kutoa vitu, na wanaiegemea kwelikweli. Ufaransa nao walikuwa na kizuizi kama hicho, bunge likatunga sheria 2020 na vile vitu 26 vya jumba la kifalme la Abomey vikarudi Benin 2021 (hii Benin ni nchi, siyo Benin City ya Nigeria, watu wanachanganya sana). Wakitaka wanaweza.

Mchangiaji 3: Msisingizie tarehe jamani. Ule mnara wa Aksum, jiwe refu la kale ambalo Italia ililibeba kutoka Ethiopia, Italia ilisaini mkataba wa amani 1947 kwamba itarudisha mali za Ethiopia ndani ya miezi 18. Mnara ukabaki umesimama Roma mpaka radi ikaupiga 2002! Umekuja kurudi 2005, kwa ndege, vipande vitatu.

Mleta mada: Duh, miezi 18 ikawa miaka 58. Ila iliyonishtua zaidi ni ya orodha, kwani orodha yenyewe inatakiwa iweje?

Mchangiaji 1: Si lazima orodha iwe ya makuu. Picha, vipimo, na alama ambayo kingine hakina, mfano ufa karibu na mpini au sehemu iliyozibwa. Kiwango cha kimataifa cha kuandika taarifa hizo kinaitwa Object ID. Kikiibwa, polisi wa nchi yako wanapeleka hizo taarifa Interpol zinaingia kwenye kanzidata yao.