Viini vya shina la ubongo vimenishinda, spoti (mtihani wa pini) ni wiki mbili zijazo

Makande_ya_Hosteli:
Wakuu habari za usiku. Niko mwaka wa pili udaktari. Mkono na mguu nilivuka salama, ila shina la ubongo linanitoa jasho. Viini (makundi ya seli) vya neva za fuvu, zile 12 zenye namba, nakariri usiku, asubuhi vimeyeyuka vyote. Jana mwalimu kachomeka pini kwenye kinundu kilicho mgongoni mwa ponsi (kipande cha kati cha shina), akauliza chini yake kuna kiini gani. Nikajibu neva ya 7. Darasa zima kicheko. Sitaki kusapu (kurudia mtihani) jamani, nyie mlitokaje huku?

Mzee wa Msuli:
Pole dogo, huo mtego umenasa wengi. Kinundu kimepewa jina la neva ya uso, yaani ya 7, lakini kiini kilicho chini yake ni cha neva ya 6. Nyuzi za 7 zinakizunguka tu kabla ya kutoka.

Dokta wa Pwani:
Acha kukariri orodha. Umeshaona samaki anavyopasuliwa mgongoni kutengeneza ng'onda? Mrija wa neva wa kijusi, ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo, una sehemu ya hisia upande wa mgongo, na ya kuendesha misuli upande wa tumbo. Kwenye ponsi na sehemu ya juu ya medula (kipande cha chini cha shina) unafunguka hivyo hivyo: upande wa tumbo unabaki katikati, wa mgongo unasukumwa pembeni. Kwa hiyo viini vya misuli vitafute karibu na mstari wa kati, vya hisia pembeni. Katikati ya hayo makundi vinakaa vinavyohudumia viungo vya ndani, kama kile cha neva ya 10.

Kisha namba za neva na viini vyake vilipo: 3 na 4 ubongo wa kati (kipande cha juu cha shina), 5 hadi 8 ponsi, 9 hadi 12 medula. Zinazogawanya 12 bila baki (toa 1 na 2), yaani 3, 4, 6 na 12, viini vyake vya misuli vimeegemea kabisa mstari wa kati.

Kisu cha Kazi:
Mkuu uko sahihi, ila dogo asije akaandika hivyo kama msahafu. Kiini cha hisia cha neva ya 5 ni kirefu, kinaanzia ubongo wa kati mpaka uti wa mgongo wa shingoni. Vya 8 vimekalia mpaka wa ponsi na medula. Na cha 11 kiko shingoni hasa.

Nesi Mama Wawili:
Mimi vilinikaa siku nilipomhudumia bibi mmoja wa kiharusi. Sauti imekwaruza, uji unampalia kila kijiko. Usoni upande wa kulia hasikii moto wala pini, lakini mwilini ni upande wa kushoto. Nilipomwogesha akaniambia maji ya mkono huu ni ya moto, ya huu hayana kitu. Daktari akasema medula, pembeni, kulia. Kiini cha kumeza na sauti kimeguswa, na kile kirefu cha neva ya 5 pia.

Makande_ya_Hosteli:
Shikamooni wote. Nimechora ng'onda nyuma ya daftari, rumeti anauliza kama nimehamia kozi ya uvuvi. Swali dogo: mbona neva ya 4 kwenye kielelezo inatokea mgongoni?

Dokta wa Pwani:
Marahaba. Ndiyo pekee inayotokea huko, na kabla ya kutoka inavuka upande wa pili. Mwalimu wako pini ya pili ataichomeka hapo.