Kompyuta ya nyumbani imekuwa nzito: nianze na RAM au na diski?

Kitabu Wazi

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu kompyuta ya mezani tunayoitumia nyumbani kwa kuandika, kusoma barua pepe, masomo ya watoto na kutazama video. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha 6, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na diski ya TB 1 ya aina ya kawaida inayozunguka, na mfumo endeshi wake ni Windows 10. Zamani ilikuwa ikifanya kazi bila tatizo, lakini siku hizi nikiiwasha na kuandika nywila, eneo kazi hutokea, kisha kila ninachobofya hukaa kimya kwa muda mrefu, huku taa ndogo ya diski ikiwaka mfululizo bila kupepesa. Nikifungua kivinjari na waraka kwa wakati mmoja, hata kuhama kutoka dirisha moja kwenda jingine kunahitaji subira.

Nimekwisha kuondoa programu nisizozihitaji, nimefuta faili zilizokuwa kwenye pipa la taka, na nimeweka programu moja ya bure iliyoahidi kusafisha mfumo mzima. Programu hiyo ilitangaza kwamba imerekebisha mamia ya makosa, lakini sikuona tofauti yoyote. Ndugu yangu mmoja ananishauri niongeze RAM, na mwingine anasema hakuna dawa isipokuwa kununua kompyuta nyingine. Ningependa kujua ni kipi hasa kinachoichelewesha kabla sijatoa fedha.

Bisibisi

Salaam, ndugu Kitabu Wazi. Umefanya vyema kuuliza kabla ya kununua. Wengi huja hapa wakiwa tayari wameshika kifaa kisichowafaa.

Anza kwa kuiondoa hiyo programu ya kusafisha. Makosa inayoyahesabu kwa kawaida ni mabaki ya kumbukumbu za programu zilizoondolewa, ambayo hayachukui nafasi ya maana wala hayaichoshi prosesa, ilhali programu yenyewe hujiwasha pamoja na Windows na kuongeza mzigo uleule iliyoahidi kuupunguza.

Baada ya hapo, pima. Subiri hadi kompyuta ikwame kama ulivyoeleza, kwa kuwa vipimo vya kompyuta iliyotulia havisemi lolote, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la Task Manager litafunguka. Nenda kwenye sehemu ya Performance, usome mambo manne na kutuandikia hapa: asilimia ya matumizi ya prosesa, kiasi cha RAM kinachotumika pamoja na namba mbili zilizo chini ya neno Committed (kumbukumbu iliyoahidiwa kwa programu, na kikomo chake), asilimia ya diski pamoja na kasi yake ya kusoma, na muda wa wastani ambao diski inachukua kujibu, unaohesabiwa kwa milisekunde.

Nieleze kwa nini nasisitiza hayo. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huchukua takribani milisekunde 4 kwa nusu mzunguko, na kichwa chake cha kusomea huhitaji milisekunde nyingine 9 hivi kuhamia sehemu inayotakiwa. Kwa hesabu hiyo, ikiombwa vipande vidogo vilivyotawanyika, haiwezi kutoa zaidi ya vipande 80 hivi kwa sekunde, na Windows inapowaka huomba maelfu ya vipande vya namna hiyo. Ndiyo maana unaweza kuona diski imefika asilimia 100 huku kasi ya kusoma ikiwa MB 1 tu kwa sekunde: ni sawa na karani anayepanda ngazi upya kwa kila karatasi anayoombwa. Diski hiyohiyo ikisoma faili moja kubwa lililopangwa kwa mfululizo hufikisha MB 100 au zaidi bila shida, na hivyo mtu akinakili filamu anaweza kudhani kwamba diski yake ni nzima na ya kasi.

Hata hivyo, diski iliyofika asilimia 100 haithibitishi kwamba kosa ni la diski. RAM ikijaa, Windows huhamishia diskini yale yasiyotumika kwa wakati huo, kisha huyarudisha yanapohitajika, na mzigo wote huo huonekana kwenye mstari wa diski. Hapo ndipo namba za Committed zinaposaidia. Namba ya kwanza ikizidi sana RAM uliyo nayo, basi upungufu wa RAM una sehemu kubwa katika tatizo hili.

Jambo jingine ambalo watu hawalitarajii ni kwamba tangu Windows 8, ukizima kompyuta kwa njia ya kawaida, kiini cha mfumo huhifadhiwa diskini na kurejeshwa ukiiwasha tena. Ukitazama sehemu ya prosesa kwenye dirisha hilo, pale penye Up time, huenda ukakuta mashine uliyoizima jana usiku ikidai kwamba imekuwa kazini kwa wiki nzima. Kabla ya kupima, chagua Restart badala ya kuzima, ili kila kitu kianze upya kikweli.

Bi Waya

Nakubaliana na Bisibisi kuhusu kupima, ila nisingependa ndugu yetu aharakishe kununua wakati kuna mambo ya bure ambayo hayajaguswa. Katika dirisha hilohilo la Task Manager kuna sehemu ya Startup, inayoorodhesha programu zinazojiwasha zenyewe. Zima zote usizozihitaji mara tu unapowasha kompyuta: za kupiga simu kwa video, za michezo, za printa, na zile za kuhifadhi faili mtandaoni ikiwa huzitumii. Kuzizima hapo hakuzifuti, na ukizibofya zitafunguka kama kawaida. Kadhalika, hakikisha hakuna antivirusi mbili zilizowekwa kutoka nje, kwa sababu kila moja itataka kulikagua kila faili linalofunguliwa.

Kisha kuna kivinjari, ambacho kwa RAM ya GB 4 ndicho mlaji mkuu. Funga vichupo ambavyo husomi, ondoa viendelezi ulivyovisahau, na uwashe ile hali ya kuokoa kumbukumbu inayovilaza vichupo visivyotumika. Kwa maoni yangu, baada ya hayo RAM ya GB 8 ingetosha, na diski ingeweza kusubiri.

Kuhusu joto na vumbi, sidhani kwamba linahusika hapa. Prosesa inayopata joto kupita kiasi hupunguza mwendo wake yenyewe, lakini hilo huonekana kazi inapokuwa nzito na feni inapovuma, si mara tu baada ya kuwasha.

Kitabu Wazi

Asanteni sana. Nimeiondoa ile programu, nimezima karibu kila kitu katika sehemu ya Startup, nimechagua Restart, kisha nikafungua kivinjari na waraka mmoja. Prosesa inacheza kati ya asilimia 8 na 15. RAM inayotumika ni GB 3.6, na namba za Committed ni 6.1 kwa 8.9. Diski iko kwenye asilimia 100 na haishuki, kasi ya kusoma ni chini ya MB 1 kwa sekunde, na muda wake wa kujibu hupanda hadi milisekunde 2,000 na zaidi. Baada ya kuzima zile programu kompyuta inawaka haraka kidogo, lakini ule ukwamaji uko palepale. Wakati mwingine nasikia mlio wa kugonga kutoka ndani, dhaifu, kisha dirisha linafunguka.

Nakala Mbili

Nimekuwa nikiusoma mjadala huu bila kusema neno, lakini mlio huo na hizo milisekunde 2,000 vimenifanya niandike. Ndugu Kitabu Wazi, kabla ya jambo lolote jingine, nakili picha, nyaraka na kazi za watoto kwenye diski ya nje au fleshi, leo hii, na uanze na yale ambayo huwezi kuyapata tena kwingineko. Diski nzima yenye mzigo mkubwa inaweza kuchukua milisekunde mia kadhaa kujibu, lakini sekunde mbili mara kwa mara, tena kukiwa na mlio, mara nyingi ni dalili ya diski inayojaribu kulisoma eneo lilelile tena na tena kwa sababu halisomeki vizuri.

Ukishamaliza kunakili, weka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma taarifa ambazo diski hujiwekea yenyewe kuhusu afya yake. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. Mstari wa 05 huhesabu sekta mbovu, yaani vipande vidogo vya diski, ambazo diski imekwisha kuzibadilisha kwa akiba yake. C5 huhesabu zile inazozitilia shaka na inazosubiri kuziamua. C6 ni zile zilizoshindikana kusomeka. Kwa kawaida namba zinazotakiwa hapo ni sifuri.

Naomba usiendeshe ukaguzi wa chkdsk, kikaguzi cha diski cha Windows, wala kupanga upya faili za diski kabla ya kunakili. Shughuli hizo huifanya diski isome na kuandika kwa saa nyingi mfululizo, na diski dhaifu inaweza kukata roho katikati ya kazi.

Kitabu Wazi

Nimenakili vyote, isipokuwa faili chache za video zilizogoma na kunikwamisha kila nilipozifikia. Programu uliyoitaja inaonyesha rangi ya njano na onyo. Mstari wa 05 una 8, C5 una 24, C6 una 24.

Nakala Mbili

Basi shaka imekwisha, na hizo video zilizogoma huenda zimekaa juu ya sekta hizohizo. Diski hiyo ibadilishwe. Inaweza kuendelea hivyo kwa miezi au ikafa kesho, na hakuna programu inayoweza kuitengeneza.

Bi Waya

Naondoa hoja yangu ya kuiacha diski isubiri. RAM bado ni ndogo, lakini kuiongeza huku diski iko hivyo kungekuwa kupoteza fedha.

Bisibisi

Vipimo vyako vinatoa majibu mawili, ndugu yangu: diski inakufa, na RAM haitoshi, kwa maana GB 6.1 zilizoahidiwa kwa programu haziwezi kukaa ndani ya GB 4. Prosesa yako haina kosa lolote, kwa hiyo yule aliyekwambia ununue kompyuta nyingine alikosea.

Kwa upande wa diski, tafuta SSD (diski isiyo na sehemu zinazozunguka) ya inchi 2.5 yenye kiunganishi cha SATA, ambayo hutumia waya zilezile za diski ya sasa. Kasi yake ya juu ya takribani MB 550 kwa sekunde siyo siri ya manufaa yake. Siri ni kwamba haina kichwa cha kuhama wala sahani ya kuzunguka, hivyo vipande vidogo vilivyotawanyika huvitoa kwa maelfu kila sekunde. Ukubwa wake uchague kwa kutazama nafasi unayoitumia sasa, si ukubwa wa diski ya zamani.

Watu wengi watakushauri uhamishe mfumo mzima kama ulivyo kwenda kwenye SSD. Kwa diski nzima ni njia nzuri, lakini kwa diski yenye sekta zisizosomeka uhamishaji mara nyingi hukwama njiani, au hufaulu huku ukibeba faili za mfumo zilizoharibika. Weka mfumo upya kutoka kwenye fleshi. Unapofanya hivyo, chomoa kabisa waya za diski ya zamani, usiiache ndani ukidhani kwamba haitaguswa, kwa sababu Windows ikikuta diski mbili huweza kuweka sehemu yake ya kuwakia kwenye ile ya zamani, na siku utakayoitoa kompyuta haitawaka. Leseni isikutie wasiwasi: ikiwa Windows iliyopo imeidhinishwa kihalali na leseni yake imefungamanishwa na ubao mama, itatambulika yenyewe utakapounganisha intaneti baada ya kuweka toleo lilelile.

Kwa upande wa RAM, usinunue kwa kukisia. Prosesa za kizazi cha 6 ziliwekwa kwenye ubao wa aina mbili, wenye kutumia DDR4 na wenye kutumia DDR3L, na pengo la chini la kadi hizo haliko mahali pamoja, hivyo ya aina moja haiingii kwenye nafasi ya nyingine. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha toa kadi iliyomo na usome kibandiko chake: kikianza na PC4 ni DDR4, na kikianza na PC3L ni DDR3L. Ikiwa iliyomo ni kadi moja ya GB 4 na nafasi ya pili iko wazi, kuongeza nyingine inayofanana nayo kutakupa GB 8, na prosesa itaweza kuzisoma zote mbili sambamba.

Kitabu Wazi

Nimeelewa vizuri, nashukuru. Swali la mwisho: kwa kuwa naweka mfumo upya, nirudi kwenye Windows 10?

Bi Waya

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka prosesa za kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache sana za kabla ya hapo, kwa hiyo mashine yako haimo katika orodha yake rasmi. Zipo mbinu za kulazimisha, lakini sizipendekezi kwa kompyuta ya familia. Kwa matumizi uliyoyataja ningejaribu Linux Mint, mfumo endeshi wa bure. Unaweza kuiwasha kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, ukapima kama printa, sauti na intaneti vinakubali, ingawa kutoka kwenye fleshi itakuwa nzito kuliko itakavyokuwa kwenye SSD. LibreOffice, programu ya kuandikia iliyomo, hufungua nyaraka za Word, japo zenye mapambo mengi hutokea zikavurugika kidogo. Kikwazo halisi ni ikiwa shule inawataka watoto watumie programu inayokubali Windows pekee, kwa hiyo uliza kwanza.

Nakala Mbili

Niongeze moja tu. Diski ya zamani usiigeuze kuwa ghala la picha, hata kama inaonekana kufanya kazi ikiwa pembeni. Na kabla ya kuitupa, ifute yote au itobolewe, kwa sababu nywila na barua zenu bado zimo.