Naomba ushauri: mtoto wa mbwa anatoka nje, anarudi kukojoa ndani

Habari zenu wakuu. Niko Uyole, Mbeya, na mnajua baridi ya Julai huku ilivyo. Nina mtoto wa mbwa dume, miezi minne, mchanganyiko wa kienyeji na German Shepherd. Chanjo kapata, dawa ya minyoo kapewa, anakula vizuri. Shida ni haja ndogo.

Akiamka au akishakula namtoa uani. Anakanyaga nyasi zenye umande, anainua mguu mmoja mmoja kama kuku aliyemwagiwa maji, ananusanusa, kisha huyo mlangoni. Nikifungua tu, moja kwa moja kwenye zulia la sebuleni, palepale pembeni ya kochi. Haja kubwa anafanya nje bila matatizo, ndiyo maana mimi nasema ni ukaidi. Mama watoto anasema ni baridi.

Zulia tumelifua kwa sabuni na siki. Akibahatika kukojoa nje nampa dagaa. Jirani anashauri nimsugue pua kwenye mkojo, hilo hapana.

Sasa, nimwekee boksi la maranda barazani mpaka baridi ipungue, au nitamchanganya? Na kwa umri huu, usiku anaweza kubana mkojo kwa muda wa saa ngapi?