Miendelezo ya Rama: nani aliomba majibu?

Wakuu, usiku wa kuamkia leo nimemaliza Rama Revealed, riwaya ya mwisho kwenye mfululizo wa Rama, na hasira zimenikata usingizi. Vitabu vitatu vya mwendelezo nimevisoma vyote, maana kila nikitaka kuacha kuna mtu ananiambia "vumilia, mbele kunanoga". Mbele ipi? (Ambao hamjasoma piteni kando, namwaga mchele.)

Mwaka 1973 Arthur C. Clarke, mwandishi wa riwaya za kisayansi, alitupa kitabu cha kwanza, Rendezvous with Rama. Chombo kigeni, pipa la urefu wa kilomita 50 lililopewa jina Rama, linaingia kwenye mfumo wa jua, Kamanda Norton na wanaanga wake wanaingia ndani, giza totoro. Mara taa zinawaka, bahari iliyoganda inayeyuka, bioti (roboti za kibaolojia) wanachomoza, wanafanya kazi zao na wala hawana habari na binadamu. Wenye chombo? Hatuwaoni hata unyayo. Linachota nguvu kwenye jua, linaenda zake. Utamu wote uko hapo: lilitupita, na safari yake haikutuhusu hata kidogo.

Sasa njoo 1989. Rama II, Clarke akiwa na Gentry Lee, injinia wa vyombo vya anga, na kalamu kwa sehemu kubwa ni ya Lee. Wanaanga kumi na wawili, nusu yao kazi ni fitina, na kuna mwandishi wa habari mwenye roho mbaya kuliko chochote kilichomo ndani ya Rama. Unasoma kurasa na kurasa za nani kalala na nani kabla hata hujauona mlango wa chombo!

Cha 1991 ndicho kilinimaliza. Wanachukuliwa watu elfu mbili wakaishi humo, na baada ya muda jambazi mmoja na genge lake wanashika utawala. Yaani nimepelekwa mpaka kwenye nyota ya Sirius kutazama wahuni wa kamari.

Halafu 1993 tunaelezwa Rama ni ya nini. Inazunguka kuorodhesha viumbe wenye uwezo wa kusafiri angani, kwa niaba ya Mungu. Gari la sensa! Miaka yote nimeota juu ya lile pipa, kumbe gari la sensa.

Haya, nisiwe mchoyo. Nicole, mhusika mkuu wa miendelezo, ni mtu kamili, wakati wale wa kitabu cha kwanza ni vibao vyenye vyeo. Na wale pweza-buibui, viumbe wageni wa kwenye miendelezo wanaozungumza kwa rangi, nimewapenda kweli.

Najua kuna atakayeniletea ile sentensi ya mwisho ya kitabu cha kwanza, kwamba Warama, yaani wenye chombo, hufanya kila kitu mara tatu, eti mwendelezo uliahidiwa. Clarke mwenyewe alisema aliichomeka dakika za mwisho, hakuwa na mpango wowote wa kuendelea.

Na wewe uliyeniambia nisome vyote vinne "kwa mpangilio", njoo hapa utaje ukurasa mmoja tu uliokunogea. Pweza hawahesabiki, nimeshawataja mimi.